Wanafunzi 36, ruta mbili, saa mbili usiku

SWALI: Nasimamia hosteli ya wanafunzi hapa Njoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Jengo lina sakafu tatu, vyumba 8 kila sakafu, wanafunzi 48 kwa jumla. Tumelipia faiba mbili kutoka kampuni mbili tofauti. Moja ni ya megabiti 40 kwa sekunde na ruta yake iko chini karibu na geti. Ya pili ni ya megabiti 20 na ruta yake iko sakafu ya juu, mwisho kabisa wa korido. Mchana hakuna neno. Ikifika saa mbili usiku kila mtu analia kwamba mtandao umekufa, wengine wanawasha bando zao za simu, na asubuhi wananiuliza pesa ya waifai wanalipia nini. Kijana mmoja anayesomea kompyuta ameniambia shida si megabiti, shida ni jinsi watu wanavyochagua mtandao, na kwamba kuna "nadharia ya michezo" inayoweza kutengeneza mambo. Ni kweli, au nimwache nikanunue megabiti zaidi? (Mama wa hosteli, Njoro)

JIBU: Mama, msikilize huyo kijana. Na usilipe hata shilingi moja zaidi kabla hatujahesabu pamoja, kwa maana kwa maelezo yako mwenyewe unazo megabiti 60, na dalili zote zinaonyesha kwamba saa mbili usiku watu wako wanakanyagana kwenye 40 huku 20 zikikaa bila kazi.

Nianze na simu yenyewe. Mwanafunzi anapoingia getini, simu yake inashika ruta ya chini, maana ndiyo ya kwanza kukutana nayo. Anapanda ngazi mpaka sakafu ya juu. Simu haiachi. Simu nyingi hung'ang'ania mtandao ambao zimeshaushika mpaka mawimbi yafifie sana, na hata zinapotafuta mwingine, kubwa zinaloangalia ni nguvu ya mawimbi, vile vijiti vya juu ya kioo. Vijiti vinakwambia uko mbali kiasi gani na ruta na kuta zilizo katikati ni nene kiasi gani. Havikwambii watu wangapi wamekutangulia.

Fikiria mifereji miwili ya maji kwenye ploti. Mmoja una bomba nene na uko karibu na geti, mwingine una bomba jembamba na uko nyuma ya nyumba. Mtu akija na mtungi wake wa lita 20 hatazami unene wa bomba peke yake. Anatazama foleni. Akikuta mitungi kumi getini na mmoja kule nyuma, atazunguka nyuma, hata kama maji ya huko yanatoka polepole, kwa sababu atajaza mapema. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo. Simu ya mwanafunzi wako, kwa bei yake yote, haifanyi hata hiyo: inakwenda kwenye mfereji ulio karibu na kusimama hapo.

Sasa nadharia ya michezo. Jina hili linapotosha kidogo, maana halihusu kandanda wala bao. Ni tawi la hisabati linalochunguza hali yoyote ambamo ninachopata mimi kinategemea nilichochagua mimi pamoja na ulichochagua wewe. John von Neumann na Oskar Morgenstern waliijengea msingi mwaka 1944, na mwaka 1950 kijana wa Marekani aitwaye John Nash akaiongezea wazo ambalo baadaye, mwaka 1994, lilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi akiwa na wenzake wawili. Wazo lenyewe ni hili: tafuta mpangilio ambao hakuna hata mtu mmoja anayeweza kujinufaisha kwa kubadilisha uamuzi wake peke yake, wengine wakibaki walipo. Unaitwa usawa wa Nash. Kwako wewe mwenye hosteli thamani yake ni kubwa sana, kwa sababu mpangilio wa namna hiyo hauhitaji askari wa kuulinda. Kila mtu anaulinda kwa kujipenda mwenyewe.

Tuuone kwa hesabu zako. Nachukulia kwamba saa mbili usiku watu 36 kati ya 48 wako mtandaoni kwa kazi nzito, yaani video za darasa, mpira, kupakua vitabu. Nachukulia pia kwamba 32 wako kwenye ruta ya chini na 4 tu wako ya juu, kwa sababu ya ile tabia ya simu kushika ya getini. Chini, megabiti 40 kwa watu 32 ni megabiti 1.25 kwa kila mmoja. Juu, megabiti 20 kwa watu 4 ni megabiti 5. Mmoja wa chini akihamia juu watakuwa watano, kila mmoja apate 4. Kutoka 1.25 hadi 4, nani angekataa? Ahamie. Wa pili naye ahamie, na wa tatu. Wakienda hivyo mmoja mmoja, baada ya watu 8 kuhama utakuta chini 24 na juu 12. Arobaini kwa 24 ni 1.67. Ishirini kwa 12 ni 1.67 vilevile. Anayefikiria kupanda juu sasa atakuwa wa 13 na kupata 1.54. Anayefikiria kushuka atakuwa wa 25 na kupata 1.6. Wote wawili wanapoteza, basi wanatulia.

Angalia kwamba jibu halikuwa nusu kwa nusu. Hili nalisisitiza kwa sababu wasimamizi wengi, kwa nia njema kabisa, hugawa watu sawasawa. Ukiweka 18 chini na 18 juu, wa chini watapata 2.2 na wa juu 1.1. Kabla ya saa tatu kuna wa juu atakayeomba nenosiri la chini kwa rafiki yake, na mwingine, na mwingine. Mpango wako utavunjika bila mtu yeyote kuwa na ubaya. Kinachotakiwa kuwa sawa ni kile kinachomfikia kila mtu. Idadi ya vichwa haina haja ya kuwa sawa.

Huenda ukauliza tunajuaje kwamba kuhamahama huku kutafika mwisho, kusizunguke milele. Swali hili lilijibiwa mwaka 1973 na Robert Rosenthal, na jibu lake ni zuri kiasi kwamba nakuomba uchukue kalamu. Badala ya kasi, tumia muda: sekunde za kupakua megabiti moja. Chini kwenye watu 32 ni 32 gawa kwa 40, yaani sekunde 0.8. Sasa tengeneza alama ya jengo zima hivi. Kwa ruta ya chini jumlisha 1, 2, 3 hadi 32, upate 528, ugawe kwa 40: ni 13.2. Kwa ruta ya juu jumlisha 1 hadi 4, upate 10, ugawe kwa 20: ni 0.5. Alama ya jengo ni 13.7. Mtu mmoja akipanda juu, chini inabaki 496 gawa kwa 40, yaani 12.4, na juu inakuwa 15 gawa kwa 20, yaani 0.75. Alama mpya ni 13.15. Imeshuka kwa 0.55. Huyo aliyehama je? Alikuwa anasubiri sekunde 0.8, sasa anasubiri 5 gawa kwa 20, yaani 0.25. Amejiokolea 0.55, sawasawa na ile iliyoshuka kwenye alama ya jengo.

Hiyo si bahati ya namba nilizochagua. Kila mara mtu mmoja anapohama kwa faida yake, alama ya jengo hushuka kwa kiasi kilekile. Na kwa kuwa mipangilio ya watu 36 kwenye ruta mbili ina idadi yenye kikomo, alama haiwezi kushuka milele, lazima ifike chini kabisa na kusimama. Kwako inasimama kwenye 24 na 12, alama 11.4. Jaribu 23 na 13 utapata 11.45, na 25 na 11 utapata 11.425. Mimi nimefanya kazi hii ya mitandao muda mrefu na bado nafurahi kila ninapoiona namba hiyo ikigoma kushuka zaidi.

Lakini kuna neno moja nimelirudia makusudi: mmoja mmoja. Wakihama wote kwa pamoja hesabu inaharibika, na hili nililiona kwa macho yangu Kisumu. Nilikuwa nimeombwa kusimamia waifai kwenye ukumbi wa mikutano upande wa Milimani, ruta mbili, watu wapatao hamsini. Niliweka kanuni iliyoonekana ya busara: ruta ikizidiwa, iwaambie wote waliounganishwa nayo kwamba mwenzake ana nafasi. Nikakaa nyuma ya ukumbi na kompyuta yangu kwenye mapaja nikitazama orodha ya vifaa. Ruta ya kwanza 47, ya pili 5. Dakika ikapita. Ya kwanza 4, ya pili 48. Dakika nyingine, 45 na 7. Watu wakaanza kuinua simu juu kama wanaotafuta mawimbi dirishani, na kwenye vioo vyao kile kiduara cha kuunganisha kinazunguka tu. Kila simu ilikuwa imefanya uamuzi sahihi kwa habari iliyopewa. Kosa lilikuwa kwamba zote zilipewa habari moja kwa wakati mmoja na zikaamini kwamba nyingine hazitahama.

Mwanauchumi Brian Arthur alieleza jambo hili mwaka 1994 kwa mfano wa baa iitwayo El Farol iliyoko mjini Santa Fe, Marekani. Watu 100 wanataka kwenda, na panapendeza tu wakiwa chini ya 60. Kila mtu akitabiri kwamba kutajaa, hakuna atakayekwenda na patakuwa patupu. Kila mtu akitabiri kwamba patakuwa patupu, watafurika. Utabiri unaoaminiwa na wote hujivunja wenyewe.

Dawa niliyotumia pale ukumbini ni ya kubahatisha kwa kipimo. Badala ya kuambia simu zote zihame, ruta inaziambia chache zilizochaguliwa kama kwa kurusha shilingi, na tena pale tu ambapo faida ni kubwa ya kutosha, si kwa tofauti ya vijisehemu. Kwa hesabu zako, kama kila mmoja wa wale 32 angehama kwa nafasi ya moja kwa nne, kwa wastani wangehama 8, ambao ndio hasa waliohitajika. Siku nyingine watahama 6, siku nyingine 10, halafu mzunguko unaofuata unarekebisha kidogo. Pale Kisumu ilichukua kama dakika kumi orodha ikatulia, na simu zikarudi mezani.

Ruta za ofisi na za vyuo zina namna ya kufanya haya. Ruta inaweza kutangaza hewani ina vifaa vingapi na chaneli yake, yaani njia yake ya hewani, imeshikwa kiasi gani, na ile kanuni ya kiufundi iitwayo 802.11v inairuhusu kuishauri simu ihamie kwa jirani. Ni ushauri, lakini. Simu ina haki ya kukataa, na nyingi hukataa. Ruta za nyumbani ambazo kampuni hukuletea pamoja na faiba mara nyingi hazina vifaa hivi kabisa, kwa hiyo sitakutuma ukanunue mitambo. Kwako wewe jengo lenyewe linaweza kufanya kazi hiyo, nitakueleza hivi punde.

Kwanza kuna jambo la hewani linalouma zaidi kuliko idadi ya watu. Waifai haigawi muda, inagawa zamu. Kila kifaa husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayezungumza, kikikuta kimya hutuma mzigo wake, kisha huwapisha wengine. Kila mmoja anapata zamu sawa. Lakini kifaa kilicho mbali na ruta hutuma polepole sana ili kieleweke, kwa hiyo zamu yake ni ndefu. Chukua wanafunzi wawili tu, mmoja yuko karibu na anaongea na ruta kwa megabiti 54, mwingine yuko mbali kwa megabiti 6. Wakipokezana megabiti moja moja, wa karibu anatumia sekunde 0.02 hivi, wa mbali sekunde 0.17. Jumla karibu 0.19. Kila mmoja anapata megabiti 5.4 kwa sekunde. Yule wa karibu, ambaye angegawana na mwenzake wa kasi yake angepata 27, ameburutwa mpaka kwenye mwendo wa mtu wa mbali. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliandika juu ya kasoro hii mwaka 2003 na bado inasumbua majengo mengi.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wako wa sakafu ya juu ambaye simu yake imeng'ang'ania ruta ya getini. Yeye mwenyewe anapata mtandao mbovu, na kila mara zamu yake ikifika, anawashika wale wote wa sakafu ya chini wasiokuwa na kosa. Ndiyo sababu nakwambia si ajabu mtandao ukafa wakati faiba yako haijajaa hata nusu. Kihisabati pia jambo hili linabadilisha mchezo: ikiwa kila mtu ana kipimo chake cha faida kulingana na alipo, ile alama ya jengo ya Rosenthal haifanyi kazi tena. Igal Milchtaich alionyesha mwaka 1996 kwamba hata hapo, kila mtu akichagua mtandao mmoja tu, usawa upo, ila njia za kuchagua zikiwa tatu au zaidi, kama kwenu ukihesabu na bando za simu, watu wakifuata faida yao hatua kwa hatua wanaweza kuzunguka bila kuufikia. Usawa upo lakini hawaujui njia. Wanahitaji mtu wa kuwaweka hapo mwanzoni, na mtu huyo ni wewe.

Fanya hivi. Zipe ruta majina mawili tofauti, moja "Chini" na nyingine "Juu". Ruta ya megabiti 40 iondoe getini, ipandishe hadi katikati ya jengo baina ya sakafu ya kwanza na ya pili, pengine kwenye ukuta wa ngazi, ihudumie sakafu hizo mbili. Ruta ya megabiti 20 iondoe mwisho wa korido, iweke katikati ya korido ya juu, ihudumie sakafu ya tatu peke yake. Mwambie fundi aburute waya. Sakafu mbili ni wanafunzi 32, sakafu moja ni 16, na robo tatu yao wakiwa mtandaoni ni 24 na 12. Jengo lako limegawanyika lenyewe kwenye usawa wa Nash, utadhani aliyelijenga alijua. Kisha kaa jioni moja na wanafunzi wa juu, kila mmoja aifute "Chini" kwenye simu na kompyuta yake ili isijiunge yenyewe anapopita getini. Usimkataze mtu kuirudisha. Atakayejaribu ataona kwamba hapati zaidi, na zege la sakafu litamwonyesha kwamba anapata pungufu.

Hakikisha ruta hizo mbili haziko kwenye chaneli moja. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Weka moja kwenye 1 na nyingine kwenye 11. Kama ruta zina masafa ya gigahezi 5, yawashe pia, yana nafasi nyingi zaidi ingawa hayapenyi kuta vizuri. Na kama menyu ya ruta inakuruhusu kukataa vifaa vinavyoongea kwa kasi ya chini kabisa, kubali: simu iliyong'ang'ania kutoka mbali italazimika kuachia.

Chaneli tatu zinanileta kwenye mchezo wa pili unaochezwa hosteli kwako, na huu ni mbaya. Mwanafunzi akiona waifai imelala, anafungua hotspoti ya simu yake kwa ajili ya kompyuta. Kwake ni faida. Jirani anafanya vivyo hivyo. Ikifika saa tatu kuna hotspoti kumi na tano zinasongamana kwenye chaneli tatu, na kila moja inasubiri nyingine zinyamaze, pamoja na ruta zako. Kila mtu amejisaidia na wote wameumia. Huu ndio mtanziko wa mfungwa, jina alilolitoa Albert Tucker mwaka 1950: washukiwa wawili, kila mmoja akifuata faida yake anamsaliti mwenzake, na wote wanaishia na kifungo kirefu kuliko kama wangenyamaza. Hapa usawa upo pia, lakini ni usawa wa hasara, na kuwaachia watu waamue hakuwezi kuwatoa humo. Kwa jambo hili weka sheria ya nyumba iliyo wazi: anayetaka kutumia bando lake kwenye kompyuta aunganishe simu kwa waya wa USB. Anapata kasi yake ileile, na hewa inabaki ya wote.

Hao wanaohamia bando usiwachukulie kama waasi. Watu sita wakiondoka kwenye waifai wanabaki 30, na usawa unakuwa 20 chini na 10 juu, megabiti 2 kila mmoja badala ya 1.67. Wale sita wamewalipia wenzao kutoka mfukoni mwao. Mwaka 1920 mwanauchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, alitetea wazo kwamba anayewasababishia wengine msongamano alipie ule msongamano. Ukiligeuza, anayewapunguzia wengine msongamano anastahili kupunguziwa. Usirudishe pesa, ni fujo kuhesabu. Rudisha muda. Kila kifaa kiwekee kikomo, tuseme megabiti 3, kuanzia saa moja hadi saa sita usiku, halafu baada ya hapo kikomo kiondoke kabisa. Mwenye faili kubwa la kupakua ataliwekea saa ya alfajiri, wakati megabiti 60 zote ziko wazi. Kikomo hicho kinaponya pia jambo jingine: hesabu zangu zote zimemchukulia kila mtu kama mzigo mmoja, na mtu anayepakua filamu tatu kwa mpigo ni mizigo mingi.

Uchaguzi huu utazidi kuwa mgumu, si kwenu tu. Ndugu zetu wa Kisumu, Kisii na Kakamega walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuonja 5G, Safaricom ilipoanza majaribio Machi 2021 huko na Nairobi, na tangu Julai 2023 kuna Starlink ya satelaiti. Mwanafunzi mmoja chumbani anaweza kuwa na njia nne za kwenda mtandaoni, na kila moja inajaa kulingana na wengine walivyochagua. Mnara wa simu nao ni mfereji. Usidhani uko nje ya foleni kwa sababu huwaoni waliosimama nawe.

Sasa swali lako la kununua. Kabla ya yote, usiku mmoja saa mbili kamili chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya megabiti 40 na upime kasi, halafu upime kwa waifai kwenye chumba cha mbali. Waya ukitoa karibu na 40 na waifai ikatoa 2, faiba yako ni nzima, ugonjwa uko hewani, na megabiti za nyongeza zitakaa bila kazi kama hizi 20. Waya wenyewe ukitoa 9, kampuni haikupi ulicholipia, na hakuna nadharia itakayotibu hilo. Beba vipimo vya siku kadhaa ukawadai.

Na ikiwa umepanga sakafu, umepima, kila mtu anapata ile 1.67 yake na bado haitoshi, basi nunua, lakini nunua kwa uwiano. Video ya kawaida ya darasa hupita kwa megabiti moja hadi moja na nusu, kwa hiyo watakaolalamika ni wanaotaka picha kali zaidi. Ukiongeza 20 kwenye ruta ya chini tu, iwe 60, wa chini watapata 2.5 na wa juu watabaki na 1.67. Wataanza kushuka kwa mawimbi dhaifu, zamu zao ndefu zitawaburuta wa chini, na utakuwa umelipa pesa kuurudisha ugonjwa uliokuwa umeuponya. Ukiongeza 20 kwenye ya juu tu, wa sakafu ya pili watapanda kwa namna hiyohiyo. Sakafu mbili kwa moja zinataka megabiti mbili kwa moja: 60 chini na 30 juu, kila mtu 2.5, na hakuna mwenye sababu ya kuhama.

Anza wiki ambayo haina mitihani. Kwa siku saba, saa mbili usiku na saa tatu usiku, fungua ukurasa wa kila ruta uandike vifaa vingapi vinatumia mtandao wakati huo. Ukiona idadi ya juu inakaa kati ya 10 na 14 na ya chini kati ya 22 na 26, mpango umeshika. Ukiona chini inapanda kupita 28 usiku baada ya usiku, kuna simu za sakafu ya tatu ambazo bado zinaikumbuka "Chini". Huyo kijana wa kompyuta mpe kazi ya kuzitafuta chumba kwa chumba, na umwonyeshe hesabu ya 13.7 kushuka hadi 11.4. Ataipenda.